Kujifunza Kihispania nyumbani kwa programu ya simu: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza

Kabla hujapakua chochote, amua Kihispania unakitaka kikufanyie kazi gani. Kijana aliyepata nafasi ya kusomea udaktari Cuba, binti anayehamia Madrid kutafuta kazi, shabiki wa La Liga anayetaka kumwelewa mtangazaji, dereva anayepeleka watalii Serengeti: wote hawa programu itawapokea kwa somo lile lile la mvulana anayekula tofaa na mwanamke anayekunywa maji. Si kosa lake. Haijui unakwenda wapi, na hakuna atakayeiambia.

Nimchukue huyo dereva wa Arusha, kwa kuwa wenzake ndio wanaouliza zaidi. Kampuni zinazopokea wageni wa Hispania, Meksiko au Argentina humtafuta anayezungumza lugha yao, na hao si wengi kama wa Kiingereza. Anachohitaji siku ya kwanza barabarani ni kusema simba wako upande wa kulia, msishuke garini, choo kiko getini, chakula cha mchana tutakula Ngorongoro. Anaweza kumaliza miezi kwenye programu bila kukutana na hata sentensi moja kati ya hizo.

Kwa hiyo anza na kalamu. Chukua kaunta buku, andika sentensi thelathini unazozisema kila siku kazini, kwa Kiswahili chako cha kawaida, na uache mstari mtupu chini ya kila moja. Mistari hiyo utaijaza kadiri masomo yanavyokupa maneno, na inayobaki tupu ndiyo utakayomuuliza mtu. Majina ya wanyama hayatakusumbua: león, elefante, jirafa, cebra, búfalo, na nyumbu wetu ambaye kwao ni ñu, herufi mbili tu. Saa ndizo zitakazokuponza. Wenyewe huhesabu kuanzia saa sita ya usiku na ya mchana, kwa hiyo "a las ocho" ni saa mbili yetu. Ukiwaambia wageni "a las dos" ukimaanisha saa mbili asubuhi, watashuka mapokezi saa nane mchana, na simba atakuwa ameshalala.

Jambo la pili ni Kihispania cha wapi. Programu ya Duolingo inaegemea cha Amerika ya Kilatini bila kukuuliza. Rosetta Stone na Pimsleur zinakupa nafasi ya kuchagua kati ya hicho na cha Hispania. Ukienda na kimoja utaelewana na watu wa upande wa pili, usihofu, lakini sikio linahitaji kujua mapema. Mhispania wa Madrid hutamka z, na c iliyo mbele ya e au i, kama th ya "thelathini". Mmeksiko hutamka s. Kusema "ninyi", Mhispania akizungumza na marafiki zake kadhaa hutumia "vosotros", wakati Amerika ya Kilatini wote ni "ustedes". Simu ya mkononi ni móvil Hispania na celular ng'ambo ya pili. Anayekwenda Cuba asipoteze jioni zake kwenye vosotros.

Kisha kuna hili ambalo watu hawalitazami, na mimi naona ndilo kubwa kuliko yote: programu hizi zimetengenezwa zikimfikiria mtu wa Kiingereza. Maelezo ya somo yako kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa kama uko Bujumbura au Lubumbashi na unapendelea hicho. Kama Kiingereza chako kinayumba, utakuwa unajifunza lugha mbili kwa wakati mmoja, na utakosa swali la Kihispania kwa sababu ya neno la Kiingereza. Jipime kwanza: fungua somo la kumi, soma maelezo yake ya sarufi, uone kama umeyaelewa bila kamusi.

Zaidi ya hapo, programu itakuchelewesha mahali ambapo wewe huna shida. Itakurudisha tena na tena kwenye irabu, ambazo ni a, e, i, o, u, tano zile zile unazozitamka tangu utotoni. Itashangaa kwamba "hablo" pekee ni sentensi kamili, wakati wewe husema "nazungumza" bila kutaja "mimi". Itaeleza kwa upole kwamba kivumishi hufuata nomino na kupatana nayo, libros rojos, kwa mtu ambaye hajawahi kukosea "vitabu vyekundu". Mkazo nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho pale neno linapoishia kwa irabu, n au s. Likienda kinyume, alama huandikwa juu ya herufi. Hata msamiati mwingine tunao: mesa, bandera na vino utazitambua, kwani Wareno walituachia meza, bendera na mvinyo, na lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Usishtuke tu ukikuta kwamba "baba" ni udenda. Masomo ya namna hiyo yapite haraka. Programu nyingi zina jaribio la kuruka hatua.

Muda uliookoa hapo utauhitaji kwingine. El na la, vitambulishi vya nomino za kiume na za kike, hazina ngeli ya kuzishikia, kwa hiyo kila nomino iandike na kitambulishi chake tangu siku ya kwanza: la mano, el día, kamwe si mano na día peke yake. Ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", zinafanana kidogo na "ni mwalimu" na "yuko shuleni", halafu zinakutoroka, kwa sababu sisi tukisema "amechoka" tumetumia kitenzi na wao wanasema "está cansado". Njeo za wakati uliopita ni zaidi ya moja na zinagawana kazi kwa namna ambayo "li" yetu haituandai. Kwa matamshi, j ni kh ya "kheri", h haisikiki kabisa, b na v ni sauti moja, na rr inataka ulimi upige mfululizo.

Sasa ndiyo uchague programu, na hapa sitakawia. Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, ni ya bure ukivumilia matangazo, nzuri kwa kuzoea kusoma na kuandika, dhaifu kwa kuzungumza. Pimsleur ni ya kusikiliza na kujibu kwa sauti, somo la nusu saa, ya kulipia. Language Transfer ni masomo ya sauti ya bure, yanayokufundisha kujenga sentensi mwenyewe badala ya kukariri; yako kwa Kiingereza, na kwa maoni yangu ndiyo mwanzo bora kwa anayekielewa vizuri. Anki ni kadi za kukumbushia maneno kwa vipindi vinavyorefuka, njia inayotokana na jambo lililoandikwa na Hermann Ebbinghaus tangu 1885 kuhusu jinsi tunavyosahau; kwenye Android ni ya bure, kwenye iPhone inauzwa. Zile sentensi zako thelathini, zikishapata Kihispania chake, ziingie humo. Mbili zinatosha, moja ya masikio na moja ya macho. Mwenye tano hamalizi hata moja.

Simu yenyewe iandae. Ongeza kibodi ya Kihispania kwenye mipangilio ili upate ñ bila kuhangaika, maana año ni mwaka na ano ni tundu la haja kubwa, na mgeni atacheka. Tafuta spika za masikioni zenye maikrofoni. Programu nyingi za bure hutaka intaneti muda wote, kwa hiyo pima bando la siku moja la kujifunza kabla ya kupanga la mwezi; masomo ya sauti na Anki unaweza kuyapakua penye Wi-Fi na kuyatumia bila mtandao. Na waambie wa nyumbani kwamba utakuwa unazungumza peke yako chumbani. Asiyeweza kutoa sauti kwa kuona haya hugeuza kila somo kuwa la kusoma, na hilo halimfikishi Serengeti.

Kuhusu muda, tuwe wakweli. FSI, taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake, huweka Kihispania kwenye kundi la lugha rahisi zaidi kwao, na bado hukitengea saa zipatazo 600 au zaidi za darasani. Kwa nusu saa kwa siku, saa 600 ni siku 1,200, zaidi ya miaka mitatu. Usilenge huko. Lenga A2, ngazi ya pili kati ya sita zinazotumika Ulaya, ambayo Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kukuza lugha yao, huipima kwa mtihani wa DELE. Hapo utaweza kujieleza katika mambo ya kila siku na kazi yako. Dakika ishirini kila alfajiri zina faida kuliko saa mbili za Jumapili. Idadi ya siku mfululizo ambayo programu inakupongezea usiifanye kipimo, kwani inawezekana kabisa kuilinda kwa somo jepesi la dakika mbili usiku ukiwa na usingizi.

Tafuta pia mtu mapema, usisubiri "ukishajua kidogo". Tandem na HelloTalk huunganisha watu wanaobadilishana lugha, na wapo Wahispania wanaotaka Kiswahili kabla ya safari. Mtumie ile mistari mitupu.

La mwisho ni malipo. Majaribio mengi ya bure huomba kadi tangu mwanzo, na siku zake zikiisha hukata ada papo hapo, mara nyingi ya mwaka mzima. Kenya unaweza kutumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, GlobalPay, ambayo hukata kutoka kwenye salio lako la M-Pesa. Weka kengele kwenye simu siku mbili kabla ya jaribio kuisha. Ukiamua kuacha, kufuta programu hakusitishi malipo: ingia Play Store, fungua sehemu ya malipo na usajili, sitisha hapo, kisha uhifadhi barua pepe ya uthibitisho.