Somo: Kuunda nyambizi ya rimoti kutoka kwenye seti, mizani kwanza gundi baadaye

Wengi wakishafungua sanduku la nyambizi ya plastiki hukimbilia gundi. Nawaomba muiweke kando kwanza, mlete mizani ndogo ya jikoni. Boti ya juu ya maji ikizidi gramu 50 itadidimia kidogo tu, na hakuna atakayegundua. Nyambizi ikizidi gramu 50 haiibuki kikamilifu. Ikipungua gramu 50 haizami. Ndiyo maana somo hili lina mizani karibu kila hatua.

Mfano wangu ni nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1/72. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 67, kwa hiyo modeli inafika sentimita 93. Seti za namna hii huundwa ziwe pambo la kabatini. Mota, tangi na redio unaviweka wewe, ndani ya silinda isiyoingiza maji. Redio nasisitiza iwe ya zamani, ya megahezi 40 au 75, si mpya ya gigahezi 2.4. Gamba la plastiki lenyewe tunaliacha lijae maji.

Hatua ya 1: Mstari wa maji na mizani

Unganisha gamba kwa utepe wa karatasi, bila gundi. Chora kwa penseli mstari ambapo maji yatafika nyambizi ikiwa imeibuka. Sasa pima uzito wa kila kipande kitakachokuwa juu ya mstari huo: sitaha, mnara, mzinga, vyuma vya ukingo, periskopu. Kipande kinachokatwa na mstari, kadiria sehemu yake ya juu.

Kwa nini? Tangi la kuzamia, ambalo mabaharia wa zamani wangeliita tangi la farumi (yaani la uzito wa kutuliza chombo), lina kazi moja tu. Linapaswa kuingiza maji yenye ujazo ulio sawa na ujazo wa vitu vyote vilivyobaki juu ya maji. Plastiki ya polistaireni ina takriban gramu 1.05 kwa kila sentimita ya ujazo. Tuseme vipande vyako vya juu vina jumla ya gramu 315. Gawa kwa 1.05, unapata sentimita za ujazo 300. Basi tangi lako liwe na mililita 300, na ongeza kama 30 za tahadhari. Hesabu hii ya dakika tano huokoa miezi. Nimeona mtu akimaliza nyambizi nzuri sana, rangi imekolea, halafu inagoma kuzama kwa sababu tangi lilinunuliwa kwa kukisia.

Hesabu hiyohiyo inakufundisha mambo mawili. Kwanza, usinenepeshe sehemu ya juu. Kila tone la epoksi unalolimwaga ndani ya mnara linadai nafasi yake kwenye tangi. Pili, silinda yote ikae chini ya mstari wa maji. Ikichomoza hata sentimita moja kwa urefu wake wote, ule ujazo uliochomoza nao unaingia kwenye deni la tangi.

Hatua ya 2: Matundu

Kwenye seti nyingi matundu ya pembeni yamechorwa tu. Yatoboe kwa drili nyembamba kisha uyasawazishe kwa tupa ndogo. Toboa pia chini, kando ya mkuku, ili maji yaingie haraka. Ila matundu muhimu kuliko yote ni ya juu: chini ya mbao za sitaha, ndani ya mnara, na kwenye ncha kabisa za omo na tezi. Hewa ikikosa njia ya kutoka, povu hubaki limejificha na nyambizi huzama ikiwa imeinua pua.

Hatua ya 3: Silinda

Bomba angavu la polikaboneti lenye kipenyo cha sentimita 7 linatosha gamba hili. Uangavu wake una faida kubwa: tone la maji likiingia unaliona kabla halijafika kwenye umeme. Kila mwisho una mfuniko wenye pete ya mpira, ile mafundi huiita oringi. Ipake grisi ya silikoni, kidogo tu, iwe inang'aa. Ondoa kila unywele na chembe ya vumbi; unywele mmoja chini ya oringi ni mfereji.

Shafti ya propela inahitaji sili yake, na vijiti vya kusogeza usukani na mapezi vinahitaji vifuko vya mpira vinavyokunjamana. Hapa usibane matumizi.

Weka skurubu ndogo ya hewa kwenye mfuniko mmoja. Unaposukuma mfuniko wa pili unabana hewa iliyo ndani, na hewa hiyo itausukuma wa kwanza utoke. Funga mifuniko yote skurubu ikiwa wazi, kisha ndiyo uikaze.

Ukitumia tangi la pistoni, jambo hili lina uzito zaidi. Pistoni ikivuta mililita 300 za maji, inarudi nyuma na kuibana hewa ya silinda. Kama hewa hiyo ilikuwa mililita 1200, sasa imebaki na nafasi ya 900, na mgandamizo umepanda kwa theluthi. Kwenye mfuniko wa sentimita 7 hiyo ni nguvu ya zaidi ya kilo 12 ikisukuma kutoka ndani. Maji ya kina cha mita moja yanasukuma kutoka nje kwa karibu kilo 4 tu. Kwa hiyo mifuniko ishikwe kwa vyuma virefu vyenye nati. Msuguano wa mpira peke yake hautoshi.

Jaribio: funga silinda tupu, weka tishu kavu ndani, izamishe kwa mawe usiku kucha. Asubuhi tishu ikiwa kavu, endelea. Ikiwa na unyevu, rudi kwenye oringi.

Hatua ya 4: Umeme

Panga betri chini kabisa, mota nyuma, tangi katikati. Tangi likiwa katikati ya uzito, nyambizi itazama ikiwa sambamba. Likisogea mbele, omo itainama kila unapojaza. Solda kapasita za nanofaradi 100 kwenye mota yenye brashi ili kelele zake zisivuruge kipokezi. Sevo, yaani kimota kinachosogeza vijiti, ya mapezi ya nyuma iunganishwe na kifaa cha kusawazisha mwinuko. Bila kifaa hicho vidole vyako vitachelewa, na nyambizi itapanda na kushuka kama pomboo.

Waya wa antena uutoe nje ya silinda uzunguke chini ya sitaha, lakini ncha yake iwe imezibwa kabisa. Shaba ikigusa maji, masafa ya kupokea hufupika ghafla. Usiukate waya kwa sababu umeona ni mrefu.

Hatua ya 5: Kuweka mizania

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Tengeni siku nzima, beseni kubwa la kuogea, chubwi za risasi na vipande vya boya la povu gumu lisilonyonya maji. Povu la kupuliza la makopo liacheni. Taratibu hunyonya maji na kila wiki mizania inabadilika.

Chubwi zote ziende chini kwenye mkuku. Maboya yakae juu, lakini chini ya mstari wa maji. Nyambizi iliyozama haina upana wa kuegemea maji kama boti. Inasimama wima kwa sababu tu uzito uko chini na nguvu ya kuelea iko juu.

Jaza tangi. Tikisa gamba mpaka povu la hewa liishe. Ongeza au punguza maboya mpaka ibaki ncha ya periskopu tu juu ya maji. Omo ikiinama, sogeza chubwi nyuma. Sasa toa maji tangini, tazama mstari uliouchora. Ikielea juu mno, usiongeze chubwi, maana ukijaza tena itakwenda chini moja kwa moja. Chukua kipande cha boya kutoka chini ya mstari ukihamishie juu ya mstari. Boya lililo juu ya maji halibebi kitu nyambizi ikiwa imeibuka, ila linafanya kazi ileile ikizama. Ikielea chini mno, fanya kinyume chake. Mkishalielewa hili, mizania haiwapi shida tena.

Gundi ya maboya na rangi ya mwisho vinafuata baada ya hapo.

Maswali

*Shikamoo fundi. Nina rimoti mpya ya gigahezi 2.4. Kwa nini unasisitiza za zamani?*

Marahaba. Kwa sababu maji humeza mawimbi ya 2.4. Antena ikizama sentimita chache tu mawasiliano yanakatika. Megahezi 40, zinazotumika katika nchi nyingi za Ulaya, au 75 za modeli za majini na nchi kavu huko Marekani, hupenya mita kadhaa za maji yasiyo na chumvi. Majeshi ya majini nayo yamelazimika kushuka chini zaidi, hadi masafa ya kilohezi 3 mpaka 30, ili kufikisha ujumbe kwa nyambizi zilizozama. Ulizia kwanza masafa yanayoruhusiwa nchini mwako.

*Na mawasiliano yakikatika ikiwa chini?*

Weka kifaa cha usalama kati ya kipokezi na tangi. Kikikosa ishara, au betri ikishuka, kinalitoa maji tangi lenyewe. Kijaribu kila safari kwa kuzima rimoti nyambizi ikiwa ndani ya beseni au ukingoni. Yangu ya kwanza haikuwa nacho. Ililala chini ya bwawa alasiri nzima mpaka rafiki yangu mmoja alipopiga mbizi kuifuata, na tangu siku hiyo siweki nyambizi majini bila kukijaribu.

*Mwanangu ana miaka 11, anataka kuunda pamoja nami. Tangi si gumu kwake?*

Anzeni bila tangi, dada. Wekeni mizania ili sitaha tu ionekane, kisha mapezi yaivute chini kwa mwendo wa mota. Ikisimama, inaibuka yenyewe. Baadaye mnaweza kuongeza tangi kwenye silinda hiyohiyo, mkiacha nafasi tangu sasa.

*Betri ya asidi ya risasi inafaa? Uzito wake ningeutumia kama farumi.*

Uzito wake ni mzuri, na wengi wameitumia. Lakini ikichajiwa inaweza kutoa haidrojeni, na silinda iliyofungwa ikijaa haidrojeni, cheche moja ya brashi za mota inatosha kuleta mlipuko. Itoe nje uichaji, iache ipumue, ndipo uifunge.

*Naweza kuipeleka baharini?*

Sishauri. Chumvi hukata mawimbi ya redio karibu mara tu antena inapozama. Kama utaiendesha ikiwa imeibuka tu, kumbuka maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5. Nyambizi yenye kilo 4 ikiwa imejaza tangi itahitaji gramu 100 zaidi za chubwi ili mizania ibaki ileile. Zifunge mahali unapoweza kuzifikia, na uzitoe kabla ya kuirudisha bwawani.