Saa ya kamani inakimbia au inachelewa: tafuta ugonjwa kabla ya kugusa kidole

Ukifungua mgongo wa saa ya kamani, kitu cha kwanza kinachokuita ni kile kidole kidogo chenye alama za + na − juu ya gurudumu la mizani, cha kuiharakisha au kuichelewesha saa. Kinasogea kirahisi mno. Ndiyo maana saa nyingi zinazonifikia mkononi kidole chake kimeshasukumwa mpaka ukingoni, na saa bado haisemi kweli. Kwenye mwongozo huu tutakigusa mwisho kabisa.

Kwanza tuelewane maneno. Kamani ni ile unayoijaza nguvu ukitia ufunguo. Mizani ni gurudumu linalobembea kulia na kushoto, na ile kamani nyembamba iliyojizungusha katikati yake mimi nauita unywele. Uma ni kipande kinachopokea msukumo kutoka kwenye magurudumu na kuupa mizani.

Hatua ya 1: Pima bila kufungua

Tia ufunguo mpaka mwisho. Vuta kifundo, yaani kile cha pembeni unachotilia ufunguo, mshale wa sekunde ukiwa juu kabisa, weka mshale wa dakika katikati ya alama yake, kisha achia sambamba na saa ya simu. Rudi kesho saa ileile, andika tofauti. Fanya hivyo siku tatu, maana siku moja hudanganya.

Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa inayopotea sekunde 10 imekosea kama asilimia 0.012 tu. Hata cheti cha kronomita cha Uswisi, COSC, kinaruhusu wastani wa kuanzia −4 mpaka +6 kwa siku. Binafsi saa ya kawaida ikibaki ndani ya sekunde 15 siifungui, labda mwenyewe asisitize.

Kama ni ya kujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, muulize mvaaji anashindaje. Anayekaa mezani siku nzima huenda haijazi, na saa yenye njaa haiwezi kupimwa. Itie ufunguo kwa mkono, upime upya.

Hatua ya 2: Linganisha mshale wa sekunde na wa dakika

Hatua hii watu huiruka, na mimi niliiruka pia. Nilivua mtambo mmoja mara mbili, nikaosha, nikapaka mafuta upya, kipimo kikatoka kizuri kabisa, na bado saa ilirudi ikiwa nyuma dakika saba. Mtambo haukuwa na kosa lolote. Kibomba kinachoshika mshale wa dakika kilikuwa kimelegea, kikiteleza juu ya mhimili wake.

Kuligundua ni rahisi. Baada ya muda wa saa 12 tazama: mshale wa sekunde unapofika juu sawasawa na simu, wa dakika uko kwenye alama yake? Kama sekunde zinapatana na dakika imebaki nyuma, mizani haina hatia. Kibomba kinahitaji kubanwa kidogo, na hakuna kingine cha kutafuta.

Hatua ya 3: Sumaku

Saa iliyokuwa nzuri jana, leo inakimbia dakika kadhaa kwa siku? Shuku sumaku kabla ya chochote. Spika, kifuniko cha kompyuta au kishikizo cha begi vinatosha. Pindo za unywele zikishika sumaku hunatana, unywele unakuwa kama umefupishwa, na mizani inapiga haraka.

Weka dira mezani, sogeza saa taratibu. Sindano ikicheza kwa kufuata mapigo, umepata jibu. Pitisha saa kwenye mashine ya kuondoa sumaku, ukiitoa polepole kwenda mbali huku umebonyeza kitufe. Ukiachia kitufe saa ikiwa bado karibu, unaweza kuibandika sumaku upya.

Hatua ya 4: Sikiliza kwa taimugrafu

Taimugrafu ina maikrofoni inayosikia mapigo: 18,000 kwa saa moja, 21,600 au 28,800, kulingana na mtambo. Programu za simu nazo zinafaa kwa sekunde ambazo saa inakimbia au kuchelewa kwa siku, ila kwa upana wa bembeo, yaani mizani inageuka digrii ngapi kutoka katikati, usiziamini sana. Weka pembe ya mnyanyuo ya mtambo wako, yaani digrii ambazo mizani inageuka ikiwa inagusana na uma. 52 ndiyo iliyozoeleka lakini si ya kila mtambo. Ukikosea pembe, sekunde zitatoka sawa na bembeo itatoka ya uongo.

Wengi husoma sekunde kwanza. Mimi naanza na bembeo. Ikiwa na ufunguo kamili, uso ukitazama juu, digrii 270 mpaka 310 ni afya. Chini ya 220 mtambo una kiu ya mafuta au uchafu, na sekunde utakazosoma hapo hazitadumu. Ikizidi 330, pini ya mizani inaanza kugonga mgongo wa uma na saa inakimbia ovyo. Mara nyingi mtu amebadilisha kamani akaweka yenye nguvu kupita kiasi.

Kisha tazama kuchechemea, yaani tik na tak kutolingana. Chini ya milisekunde 0.5 ni vizuri, mpaka 1 inavumilika. Kwenye skrini huonekana kama mistari miwili inayokwenda sambamba. Nukta zikitawanyika kama mtama uliomwagwa, fikiria uchafu. Mstari ukipanda na kushuka kwa mawimbi yanayojirudia, hesabu muda wa wimbi moja. Kwenye mtambo wa mapigo 18,000 wenye gurudumu la mwisho la meno 15, gurudumu hilo huzunguka kila sekunde 6. Wimbi la sekunde 6 basi linakuelekeza pale pale kwenye meno yake.

Hatua ya 5: Geuza saa

Pima uso juu, uso chini, kisha ukiwa umeisimamisha: kifundo chini, kushoto, juu. Kila mkao uipe nusu dakika itulie.

Uso juu na uso chini vikitofautiana sana, ncha moja ya mhimili wa mizani imechakaa, kito chake (kijiwe kinachoishika ncha hiyo) kichafu, au unywele umeinama unagusa kitu. Ukiisimamisha saa, bembeo kupungua digrii 20 mpaka 40 ni kawaida. Lakini mikao ya kusimama ikigombana yenyewe kwa yenyewe, mizani ina upande mzito. Hapa kuna mtego: bembeo ikiwa chini ya takriban digrii 220, uzito uliokaa upande wa chini huikimbiza saa, juu ya hapo huichelewesha. Usikate wala kuongeza uzito kabla bembeo haijapona.

Hatua ya 6: Fuata bembeo ndogo mpaka chanzo

Toa nguvu ya kamani kwanza. Ukivua uma kamani ikiwa imejaa, magurudumu yatazunguka kwa kasi na meno yanaweza kuvunjika.

Vua mizani na uma, kisha tia ufunguo meno mawili matatu tu. Magurudumu yazunguke laini, na mwishoni yarudi nyuma kidogo. Yakikwama ghafla, uchafu au mafuta yaliyoganda yako huko. Yakiwa mazuri, toa nguvu iliyobaki, rudisha uma, tia ufunguo tena kidogo, uuguse kwa ncha ya sindano: uruke upande wa pili wenyewe, kwa nguvu. Ukisita, angalia vito vyake.

Mwisho chunguza unywele kwa lenzi ya jichoni. Pindo ziachane sawa pande zote. Tone la mafuta dogo kuliko nukta hii hunatisha pindo mbili, na saa inakimbia hata bila sumaku. Tazama pia pindo la nje linapopita kati ya pini mbili za kidole: ligonge huku na huku kwa usawa. Likiegemea pini moja tu, sekunde zitabadilika kila bembeo inapopungua.

Hatua ya 7: Sasa gusa kidole

Rekebisha kuchechemea kwanza, kwa ule mkono mdogo wa mtambo unaoshika mwisho wa unywele, kwa sababu kuusogeza hubadilisha sekunde pia. Kwenye mitambo ya zamani isiyo na mkono huo lazima uzungushe unywele kwenye mhimili. Kama hujazoea, milisekunde 1.5 ziache.

Kisha sukuma kidole kiasi kisichoonekana kwa jicho tupu, subiri, pima mikao yote, tafuta wastani. Pima tena baada ya saa 24 bila kutia ufunguo. Mimi huiacha saa mbele sekunde 4 au 5: iliyotangulia unavuta kifundo asubuhi, unasubiri sekunde zake zifikiwe, unasukuma.