Kuchagua Kivinjari kwa Kompyuta Iliyozeeka

Kabla ya kuuliza ni kivinjari kipi chenye kasi, hakikisha kwanza kwamba unachokitaka bado kinapokea masasisho kwenye mfumo endeshi ulio nao. Fungua menyu, nenda kwenye sehemu ya usaidizi, kisha usome namba ya toleo. Chrome ya 109, iliyotoka Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1, mwenye kompyuta ya namna hiyo bado anaweza kuifungua na kusoma kurasa kama kawaida, lakini kila mwanya wa usalama uliogunduliwa tangu hapo umebaki wazi kwake, naye haoni dalili yoyote.

Wengi hapo hukimbilia Edge, Opera au Brave, na huko ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile, kwa kuwa vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa programu unaobeba Chrome, ambao ukiacha kuuhudumia mfumo fulani, navyo hufuata. Firefox ina injini yake yenyewe, na toleo lake la 115 ESR (yaani toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu) la Julai 2023 liliendelea kupelekewa masahihisho kwenye Windows 7 muda mrefu baada ya Chrome kuondoka. Hata hivyo, mfumo ulioachwa na Microsoft tangu Januari 2020 hauponywi na kivinjari. Ikiwa mashine inaweza kubeba Linux nyepesi, mfumo endeshi mwingine wa bure, ningeshauri kuhamia huko.

Kisha pima faragha. Safari, kivinjari cha Apple, ilianza mwaka 2020 kuzuia vidakuzi vyote vya tovuti za nje, yaani faili ndogo ambazo tovuti usizozitembelea huziweka ili kukufuatilia, na Firefox ikavitenga kwa kila tovuti mwaka 2022, ilhali Google, iliyokuwa imeahidi kuviondoa, iliachana na mpango huo Julai 2024. Kwenye simu, Opera Mini huokoa bando kwa kuzipitisha kurasa kwenye seva zake ili zibanwe; inafaa kwa habari, ila sitaitumia kwa akaunti ya benki ikiwa katika hali ya kubana kupita kiasi.

Ukishaamua, hamisha alamisho na manenosiri, ukikumbuka kwamba faili la manenosiri linalotolewa na kivinjari husomeka na yeyote atakayelifungua. Lifute mara tu uhamishaji unapokamilika, pamoja na nakala iliyobaki kwenye pipa la taka.