Somo: Taa ya AdBlue imewaka, nini kifanyike kabla ya kuzima injini

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu wiki hii pekee nimejibu swali lilelile mara nne, na waulizaji wawili walikuwa wameshaongeza maji ya bomba kabla ya kuuliza. Wenye Hiace na Prado za dizeli za miaka ya karibuni zilizoagizwa kutoka Japani, pamoja na wenye Sprinter za Ulaya, naomba msome hadi mwisho ndipo mwulize.

AdBlue ni urea asilimia 32.5 iliyoyeyushwa katika maji yaliyoondolewa madini. Haichanganywi na dizeli, bali ina tenki lake. Hunyunyizwa ndani ya ekzosi, ambako joto huigeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo ikikutana na moshi kwenye masega (kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki) huzigeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Hatua ya 1. Soma ujumbe wote, si taa peke yake. Ujumbe wa kiwango kupungua unataka ujaze tu, ambapo magari mengi ya Ulaya huanza kuonya zikiwa zimebaki takriban kilomita 2,400 kabla gari halijakataa kuwaka. Ujumbe wa ubora mbaya au hitilafu ya mfumo, ambao mara nyingi huja pamoja na taa ya injini, hauponi kwa kujaza. Huo unahitaji kupimwa kwa kompyuta. Kilomita zikifika sifuri gari halizimiki barabarani, lakini ukilizima mwenyewe halitawaka tena. Kwa hiyo usizime ukiwa huna dumu la AdBlue mkononi.

Hatua ya 2. Egesha mahali tambarare, kisha uzime.

Hatua ya 3. Tafuta kifuniko cha buluu, ambacho kwa kawaida kiko pembeni mwa kile cha dizeli, kwenye buti au chini ya boneti.

Hatua ya 4. Tumia dumu lililofungwa kiwandani, lenye maandishi ISO 22241, yaani kiwango cha kimataifa cha ubora wa AdBlue. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliona pipa lililofunguliwa, bei ikiwa karibu nusu, nikapimiwa katika dumu langu ambalo zamani lilibeba dizeli na ambalo nilikuwa nimeliosha kwa sabuni hadi nikaridhika kwamba ni safi. Mafuta kidogo yaliyosalia yalitosha kuvimbisha mipira ya pampu, na siku chache baadaye, nikiwa nimepita Chalinze na mzigo wa watu, ujumbe wa hitilafu ulitokea na kilomita zikaanza kuhesabiwa kurudi nyuma. Tenki lilishushwa, pampu ikabadilishwa, na gharama yake ilizidi matengenezo yangu yote ya mwaka ule. Usitumie faneli ya dizeli wala ya shaba. Ukigundua kwamba umemimina kimiminika kisicho sahihi, usiguse hata swichi, kwa kuwa pampu inaweza kukivuta papo hapo. Gari livutwe, tenki limwagwe.

Hatua ya 5. Mimina angalau lita 5, kwa sababu magari mengi hayatambui nyongeza ndogo. Fungua swichi bila kuwasha injini, subiri kama dakika moja, ndipo uwashe. Taa inaweza kuchukua kilomita kadhaa kuzimika.

MASWALI

Mwanachama wa Mbagala: Mkuu, taa imewaka, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 1. Ujumbe unasemaje?

Mwanachama wa Ubungo: Mbolea ya urea ninayo stoo. Si ni kitu kilekile?

Jibu: Hapana. Mbolea ina baiureti (uchafu unaotokea urea inapotengenezwa) na madini yanayozidi kipimo, nayo huziba kinyunyizio na masega. Nimeshaona matokeo yake, sitalijadili tena.

Mwanachama wa Kigamboni: Samahani fundi, kama injini haihitaji kimiminika hiki ili izunguke, kwa nini gari ligome kuwaka?

Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Injini yenyewe ingezunguka bila shida yoyote, na ndiyo sababu wenye magari wengi wangeipuuza taa. Kanuni za Ulaya za moshi wa magari, ziitwazo Euro 6, zilimtaka mtengenezaji aweke onyo, na hatimaye kizuizi, ili gari lisiendelee kutoa moshi usiosafishwa. Kizuizi kimewekwa wakati wa kuwasha ili usikwame katikati ya barabara.

Mwanachama wa Tabata: Mazda CX-5 yangu ya dizeli kutoka Japani haina kifuniko cha buluu. Nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa, dada. Injini hiyo ya lita 2.2 haitumii AdBlue. Taa unayoiona huenda ni ya kichujio cha masizi. Iendeshe kwa mwendo usiokatika, kwa mfano kutoka Kibaha kuelekea Chalinze, kwani foleni za mjini haziruhusu masizi yaungue.

Mwanachama wa Kigamboni: Na dumu la akiba linakaa muda gani kwa joto letu hili?

Jibu: Likihifadhiwa chini ya nyuzi 25 hukadiriwa miezi 18, nyuzi 30 miezi 12, na nyuzi 35 miezi 6 tu. Liweke ndani, kivulini, si kwenye buti, na usinunue lililoanikwa juani nje ya duka. Ule ungaunga mweupe kuzunguka kifuniko ni urea iliyokauka; ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kabla ya kufungua, usije ukaangukia ndani.