SOMO: Kujenga tovuti ya pamoja ya jamii ya asili na kuhakikisha inabaki mikononi mwenu

Nimechoka kujibu swali moja kwa kila anayenipigia simu, yaani jamii ijengeje tovuti yake bila kuipoteza, kwa hiyo naliandika jibu hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku. Nawaandikia hasa ndugu zangu wa jamii za asili za Kenya: Waogiek wa Mau, Waendorois wa Ziwa Bogoria, Wasengwer wa Embobut, Wayaaku wa Mukogodo na wengine wanaotaka kujieleza wenyewe badala ya kuelezwa na wageni.

Hatua ya 1. Baraza likae, likubaliane, na muhtasari utiwe sahihi.

Hatua ya 2. Chagueni watunzaji wasiopungua watatu, wakiwemo wanawake, na angalau mmoja awe anaishi kijijini.

Hatua ya 3. Sajilini jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa jina la jamii. Hapa ndipo wengi huumia. Jamii moja ninayoifahamu ilisajiliwa jina lake na kijana wa mradi kwa kutumia barua pepe yake ya kazini. Mradi ulipofungwa, barua pepe nayo ikafungwa, vikumbusho vya malipo vikawa vinaingia kwenye kisanduku kisichofunguliwa na mtu, na muda ulipokwisha jina likachukuliwa na watu wa kamari, ilhali anwani ileile ilikuwa bado kwenye kalenda zilizotundikwa katika kila duka la sokoni. Fungueni kwanza barua pepe ya jamii ambayo watunzaji wote watatu wanaweza kuiingia, kisha mlisajili jina kwa barua pepe hiyo. Mashirika yasiyo ya faida nchini Kenya hutumia anwani zinazoishia na .or.ke. Msimwachie fundi nywila peke yake, hata akiwa mtoto wa shangazi.

Hatua ya 4. Amueni nani aone nini kabla ya kupakia chochote. Programu ya Mukurtu, iliyokua kutokana na kazi ya Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, ni ya bure na inawawezesha kuweka masharti kwa kila picha au sauti: hii ni ya wote, ile ni ya ukoo fulani, nyingine ni ya wanawake peke yao. Hata hivyo, inahitaji seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi tovuti, na mtu wa kuihudumia.

Hatua ya 5. Wekeni nakala mahali pawili tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Narok: Mkuu, kwani Facebook si bure? Tovuti ya nini?

Jibu: Soma hatua ya 3. Ukurasa wa Facebook nao una mwenyewe, na si ninyi. Utumieni kuwaelekeza watu kwenye tovuti.

Mwanachama, Nakuru: Gharama ni shilingi ngapi?

Jibu: Inategemea kampuni inayosajili majina na seva. Ulizeni bei ya kuhuisha mwaka wa pili, kwa maana punguzo mara nyingi huishia mwaka wa kwanza.

Mwanachama, Nessuit: Shikamoo mwalimu. Babu yangu yuko tayari kueleza habari za mizinga na miti ya dawa. Je, nitahadhari na nini?

Jibu: Marahaba binti, hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Mwombe babu ridhaa kwa lugha yake, nawe uirekodi ridhaa hiyo mwanzoni mwa mazungumzo. Kisha tenganisha hadithi na maelekezo: namna alivyopanda mti kurina asali inaweza kuwa ya wote, lakini mchanganyiko wa dawa ubaki kwa wanajamii. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, ila sheria haiwezi kukirudisha kilichokwisha kusambaa. Angalia pia picha za simu, kwa kuwa nyingi hubeba ndani yake maelezo ya ramani ya mahali zilipopigwa, na mwizi wa asali atafikishwa hadi chini ya mzinga. Yafute kabla ya kupakia. Vilivyo vya hadharani viwekeni bila woga, hasa hukumu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha katika kesi ya Waogiek, za 26 Mei 2017 na 23 Juni 2022, pamoja na muhtasari wake kwa Kiogiek.

Mwanachama asiyetaja mahali: Huu ni uchoyo. Maarifa yakifungiwa yanakufa.

Jibu: Nani amesema yafungiwe? Mwaka 2008 Wamaasai wawili wa Il Ng'wesi, Laikipia, pamoja na mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walifundishwa kurekodi nchini Marekani kupitia WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, ili jamii ijirekodi yenyewe na kuamua itoe nini. Anayeamua kutoa si mchoyo.

Mwanachama, Embobut: Kwetu mtandao unapatikana kilimani tu. Sauti ndefu zitapakiwaje?

Jibu: Rekodini kwa WAV, yaani faili kubwa la sauti isiyobanwa, na mwihifadhi hiyo kuwa nakala kuu, kisha mtengeneze MP3 ndogo, iliyobanwa, ya kupakia. Ikatwe vipande vya dakika tano tano, kwa sababu kipande kikikwama mtakirudia hicho pekee.