Kasuku hakoshwi, hupewa maji akaoga

Kazi ya ugani Pemba kwa kawaida ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini ukishajulikana mtaani kuwa wewe ni mtu wa mifugo, utaulizwa mpaka ya sungura. Siku moja Wete nilikwenda nyumba moja kwa ajili ya chanjo ya kideri. Kuku walipokwisha, mwenye nyumba akanivuta ukumbini, kwenye tundu la kasuku wa kijivu.

"Mwanangu, huyu namkosha kila Ijumaa kwa sabuni ya kipande, namsugua hasa. Mbona anazidi kuwa kama kitambaa cha jikoni?"

"Bi mkubwa, sabuni ndiyo iliyomfikisha hapo."

Kasuku wa kijivu ana vitu viwili vya kutunzia manyoya. Cha kwanza ni kitezi cha mafuta kilicho juu ya shina la mkia. Cha pili ni unga: yapo manyoya laini karibu na ngozi ambayo ncha zake huvunjikavunjika zikawa vumbi jeupe. Ndilo lile unalolifuta kila siku juu ya kabati na televisheni ukadhani ni la barabarani. Kasuku anapopitisha mdomo unyoya kwa unyoya, anajipaka vitu hivyo na kuunganisha nyuzi za unyoya zilizoachana, na hapo ndipo maji yanapoteleza juu yake. Sabuni huondoa vyote kwa pamoja. Halafu kwa kuwa anajisafisha kwa mdomo, mabaki ya sabuni anayameza. Shampuu ya mtoto nayo ni sabuni. Maji matupu yanatosha.

Basi kazi yako si kumkosha. Kazi yako ni kumletea mvua, mengine anayajua mwenyewe.

Wengine hupenda sinia. Weka maji ya kina cha vidole viwili kwenye sinia zito lisilopinduka, liweke ndani ya tundu, sakafuni, kisha ondoka. Ndege wadogo hufurahia zaidi majani mabichi yaliyorowa: funga fungu la mchicha uliooshwa vizuri, uwe wa shamba lisilopigwa dawa, nao watajisugua humo wakitafuna. Wengine, na kasuku wa kijivu wengi wamo, hupenda manyunyu, ila si siku ya kwanza. Chukua chupa ya kupulizia inayotoa ukungu mwembamba, simama mbali kidogo, elekeza juu ili matone yamshukie kama rasharasha. Usimpige usoni. Akitanua mbawa, akatutumua manyoya, akaning'inia kichwa chini, endelea. Akibana manyoya mwilini, akakimbilia pembeni na kupiga kelele, acha, ujaribu kesho kwa mbali zaidi. Yupo atakayechukua wiki kadhaa kukubali. Kumshika kwa nguvu na kumtia kwenye ndoo kunakuharibia yote, kwani kuanzia hapo hata mkono wako atauogopa.

Chupa yenyewe iwe mpya na ibaki ya kasuku peke yake. Nalisisitiza hili kwa sababu majumbani mwetu chupa ya kupulizia haina mwenyewe: leo ina dawa ya mende, kesho ya wadudu wa mchicha, kesho kutwa ya kusafishia vioo. Kuisuuza hakutoshi. Na dawa ya kupe ya ng'ombe isimkaribie hata tone.

Maji unayokunywa mwenyewe ndiyo ya kumwogeshea. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Hayo usimwogeshee, na ya bahari vilevile. Jihadhari na mpira wa maji uliolala juani au tangi la juu ya paa wakati wa kaskazi: maji ya mwanzo hutoka ya moto wa kuunguza. Yamwage kwanza, kisha pima kwa kifundo cha mkono. Yawe ya kawaida au vuguvugu kidogo.

Wakati mzuri ni asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, ili awe amekauka kabla ya giza. Kaskazi unaweza kumpa kila siku. Masika hewa ina unyevu mwingi na manyoya yanachelewa kukauka, kwa hiyo mara mbili tatu kwa wiki zinatosha, tena siku jua likichomoza. Akitetemeka kidogo baada ya kuoga usishtuke, ni njia yake ya kujipasha joto. Mweke penye mwanga na kivuli cha kukimbilia, mbali na feni. Akiachama mdomo na kuachanisha mbawa na mwili, joto limemzidi, mwondoe hapo. Mashine ya kukaushia nywele siipendi: baadhi zina ndani utando uleule wa vikaangio visivyoshika chakula, na utando huo ukipata moto mkali hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi.

Hapa sisi Wazanzibari tuna letu. Mtu akishaoga hufukizwa udi, na wapo wanaodhani kasuku naye anastahili. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, hivyo moshi humdhuru upesi kuliko wewe. Chetezo kiende chumba kingine, na marashi yabaki kwenye kanga yako.

Ukimtoa uani apate mvua ya vuli, kaa naye. Paka wapo, na hawa kunguru walioletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 hawana adabu. Huzingira tundu wakamtia kiwewe ndege aliyerowa.

Ndege aliyejikunja siku nzima manyoya yakiwa yametutumka, au anayepandisha na kushusha mkia kila anapovuta pumzi, asiogeshwe. Huyo ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Anayejinyonyoa kifua naye aonwe na daktari. Maji yanaweza kumpunguzia muwasho lakini hayaondoi chanzo.

Baada ya kuoga ndipo usafishe tundu. Kinyesi kikavu usikifagie hivyohivyo, kwani vumbi lake linaweza kubeba homa ya kasuku, inayoingia kwa binadamu kupitia pumzi. Kinyunyizie maji kwanza, kisha kikwangue, na mwenye pumu asiifanye kazi hiyo.

Yule bi mkubwa wa Wete aliniuliza pia kuhusu kasuku wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, yule wa mashambani Pemba, kama na yeye akamatwe aogeshwe. Nikamwambia yule amwache na umande wake.