Namna ya Kupima Ubora wa Almasi Kabla ya Kununua Pete

Mnunuzi wa pete ya almasi kwa kawaida huanza kwa kuuliza karati, na muuzaji humjibu kwa furaha, kwa kuwa uzito ni sifa inayouzika kwa urahisi kuliko zote. Karati moja ni gramu 0.2, na uzito huo peke yake hauelezi kama jiwe linang'aa, kama ni jeupe, wala kama lina ufa ndani yake. Wapimaji wa vito huangalia sifa nne, yaani mkato (namna jiwe lilivyochongwa), rangi, usafi na uzito, na kwa maoni yangu mkato ndio unaostahili kutangulia, kwani hutokana na mkono wa fundi na ndio unaoamua kama sifa nyingine zitaonekana au zitapotea bure.

Almasi ya mviringo huchongwa nyuso 57 au 58 ili mwanga unaoingia kwa juu ugonge nyuso za chini, uakisiwe kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha urudi juu kwenye jicho la mtazamaji. Jiwe lililochongwa bapa kupita kiasi huruhusu mwanga kupenya chini, na katikati yake huonekana wazi na hafifu. Lenye kina kupita kiasi hupoteza mwanga pembeni na kuwa na kiza katikati, tena huficha uzito chini mahali ambapo hakuna atakayeuona pete ikishavaliwa. Kwa hiyo usiulize karati bila kuuliza kipenyo: almasi ya mviringo ya karati moja iliyochongwa vizuri huwa na kipenyo cha takriban milimita 6.5, na ikiwa pungufu sana ya hapo, unalipia kina.

Usiamue chini ya taa za kabati la duka, kwa sababu taa hizo zimewekwa makusudi ili kila kitu kimetemete, hata kipande cha kioo. Omba kulitazama jiwe karibu na dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, ulishike kwa umbali wa mkono na kuligeuza polepole. Almasi njema huonyesha sehemu nyeupe na nyeusi zinazobadilishana kwa mpangilio, na hakuna eneo linalobaki limekufa kila unapoligeuza. Katika umbo la yai au la tone, angalia kivuli cheusi kinachokatisha katikati. Kikiwa kizito na hakiondoki, liache jiwe hilo. Maumbo haya yanahitaji macho yako zaidi, kwa kuwa vyeti vingi haviyapi daraja la mkato kama vinavyoipa almasi ya mviringo.

Rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano au ukahawia unaoonekana wazi. Ili kuitambua, lilaze jiwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, kisha ulitazame kwa ubavuni, kwa sababu ukilitazama kwa juu mng'ao hufunika rangi. Anayetaka pete ya dhahabu ya njano hana sababu kubwa ya kulipia D, kwani dhahabu yenyewe hulipaka jiwe umanjano. G au H hutosha, na wengi huridhika hata na J.

Usafi hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10, na madaraja yake ni 11, kuanzia FL lisilo na dosari hadi I3 lenye dosari zinazoonekana wazi. Iweke lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe hadi lionekane vizuri, kiasi cha sentimita mbili na nusu. VS2, daraja la katikati, kwa kawaida huonekana safi kwa macho matupu, na mara nyingi SI1 linalofuata chini yake pia, hivyo tofauti ya bei kati yake na madaraja ya juu hulipia kitu ambacho mvaaji hatakiona kamwe. Jambo la kuzingatia ni mahali dosari ilipo. Doa jeusi chini ya uso wa juu huonekana kila siku, ilhali lililo ukingoni huweza kufunikwa na kucha ya pete, yaani kijino cha madini kinachoshika jiwe. Ufa unaofika ukingoni ni hatari zaidi, kwa sababu almasi, pamoja na ugumu wake wote, hupasuka ikigongwa vibaya, na sonara huibana hapo hapo anapoifunga kwenye pete.

Kuhusu uzito, bei hupanda ghafla kwenye namba kamili, kwa hiyo jiwe la karati 0.92 linaweza kuwa nafuu kuliko la karati moja bila tofauti inayoonekana.

Kifaa kinachopima jinsi joto linavyopita kwenye kito kikithibitisha kuwa jiwe ni almasi, usitosheke, kwa sababu moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hukidanganya. Litazame kwa lenzi ukilielekeza upande: kwenye moisanaiti kingo za nyuso za nyuma huonekana mbilimbili. Almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu, nayo ni almasi kweli, na haitofautishwi na ya ardhini kwa macho, ila bei yake ni ya chini mno. Ni lazima cheti kiitaje hivyo.

Cheti kitoke kwenye maabara ya kupima vito isiyo ya muuzaji, kama vile GIA, taasisi ya vito ya Marekani. Almasi nyingi zenye cheti huchorwa namba yake kwa leza kiunoni mwa jiwe, yaani kwenye ukingo wake unaolizunguka, basi isome kwa lenzi na uilinganishe na kumbukumbu za maabara mtandaoni. Chagua jiwe likiwa bado halijafungwa, maana madini ya pete huficha dosari na kubadili rangi, na madaraja ya jiwe lililokwisha kufungwa ni makadirio tu. Mwombe sonara asiifunike namba hiyo kwa kucha, na siku ya kuchukua pete isome tena kabla ya kumaliza malipo.